Mashimo Katika Sauti ya Senkondo

Diski nane zililazwa juu ya taulo jeupe, zimepangwa mstari mmoja kama maiti wa ajali wanaosubiri ndugu zao. Zilikuwa safi. Hilo ndilo lililompandisha fundi Nakijwa hasira kabla hajafungua mkoba wake wa vifaa: zilikuwa zinang'aa.

"Nani kazisafisha?"

Karani wa Ghala la Sauti, bwana mnene aitwaye Kajiru, alikohoa kidogo. "Mimi, dada. Tulikuwa na mgeni rasmi. Agizo likaja, kila idara isafishe vitendea kazi vyake. Na vumbi la hapa unalijua."

"Ukazichomoa."

"Nikazichomoa."

"Mashine ikiwa imezimwa?"

"Aa, kuzima haturuhusiwi. Ghala halizimwi, imeandikwa pale mlangoni." Akaonyesha kwa kidole. Kweli ilikuwa imeandikwa. "Nilianza na moja. Taa ikageuka njano, lakini mashine haikulia. Nikatoa ya pili. Njano vilevile. Nikasema, kumbe chombo kivumilivu hiki! Nikatoa zote, nikazifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo. Kidogo sana, dada. Nikazianika dirishani."

"Ukazirudisha kwa mpangilio upi?"

Kajiru alitazama taulo, akatazama dari. "Zinafanana."

"Halafu?"

"Halafu taa zote nyekundu. Na msafara umeshafika shuleni, ngoma inasikika. Kioo kinaniuliza: *Je, nijenge upya safu hii?* Ndiyo au hapana. Sasa wewe ungefanyaje? Mgeni rasmi aje akute nyekundu?"

"Ukabonyeza ndiyo."

"Zikawa kijani zote. Mgeni rasmi akasifu."

Mashine ilijenga upya katikati ya hotuba na makofi, mpaka umeme ulipokatika kipaza sauti kikanyamaza. Watu walizomea umeme. Hawakujua kwamba siku hiyo, kwa kuisimamisha mashine, ulikuwa mwokozi wao, mwokozi aliyechelewa.

Nakijwa hakumtukana karani. Matusi alikuwa nayo ya kutosha, ila alikuwa anayaweka kwa ajili ya watu wengine, wa juu zaidi, ambao kwa miaka yote hawakununua hata diski moja ya akiba lakini walikuwa na fungu la taulo jeupe na ngoma.

Maana si mara ya kwanza. Wa juu hao walikuja zamani na mnyororo wa kupimia, wakapima, na mnyororo ulipoishia wakasema kuanzia hapa ni msitu wa serikali. Wakaja na hati zenye muhuri. Mwenye muhuri akawa mwenye shamba. Wakaja na satelaiti, ikapiga picha milima ya Upare siku ya ukungu, na kila palipokuwa na ukungu ramani ikasoma: hapana mtu. Kila safari chombo kipya, mdomo ule ule. Mwishowe watu wa milimani walivikataa vyombo vyote. Wakafunga barabara, wakapigwa risasi, wakazikwa waliozikwa, baba yake Nakijwa akiwa mmoja wao, na kutoka katika makaburi yale ikapatikana Sheria ya Sauti.

Ilikuwa sheria ya wananchi wenyewe. Ardhi haithibitishwi kwa karatasi. Majirani wanatembea mpakani, kutoka isale hadi isale, ule mmea wa mpaka ambao hata mlevi hathubutu kuung'oa, na kila mmoja anataja mpaka wa mwenzake mbele ya kinasa sauti. Wa mwenzake, si wake. Mtu hajitajii mpaka. Hutajiwa. Na sauti hizo zikawekwa Ghalani, ili hata waliotaja wakifa mipaka isife.

Kisha, watu walipochoka kukesha barabarani, kikachomekwa kifungu kidogo: sauti isiyo nzima ni sawa na isiyokuwepo, na ardhi yake inarudi kwa Mamlaka. Waliokichomeka hawakufa hata mmoja.

Na sasa maziwa ya chini yamekauka, miji inakunywa ukungu. Kampuni ya Wingu Jeupe inatundika nyavu kwenye migongo ya milima, ukungu unanasa, unadondoka, unauzwa kwa chupa. Mgongo mzuri kuliko yote, ule unaolala ndani ya wingu asubuhi hadi jioni, ulikuwa wa kitongoji kimoja tu: Irundi. Baraza la Ardhi lingekaa Ijumaa kusikiliza sauti za vitongoji vyote. Huko Irundi ndiko alikokuwa anaishi shangazi yake, Namsifu, aliyemlea tangu baba yake alipowekwa chini.

Nakijwa alinakili diski zote kwanza. Fundi mwenye akili hafanyi upasuaji juu ya marehemu mwenyewe. Anatengeneza mfano wake, anaupasua huo. Moja iligoma kabisa, ikawa inagonga ndani kama mtu aliyefungiwa chumbani. Saba zilisomeka.

"Nieleze na mimi nijue nilichokiua," Kajiru akasema. Alikuwa ameleta chai ya tangawizi, ameishika kama sadaka.

"Kila sauti imekatwa vipande, kila diski ina kipande chake. Pamoja na vipande kuna hesabu. Diski moja ikifa, hesabu inaziuliza zilizobaki: ninyi mlikuwa na nini? Zikishajibu, la marehemu linajulikana. Hata zikifa mbili. Na si kukisia, kaka. Ni kujua."

"Kama majirani na mpaka."

"Kama majirani. Sasa wewe umewahamisha majirani mashamba, halafu ukawaambia watoe ushahidi upya, kila mmoja juu ya shamba asilolijua. Mashine ikaandika uongo huo juu ya ule ukweli."

Kajiru aliweka chai chini. "Na palipoandikwa juu?"

"Pamekwenda."

Kazi ilikuwa kutafuta mpangilio wa zamani. Unazipanga diski hivi, unasikiliza: kelele, kama mabati yanayoburutwa. Unazipanga vile: kelele. Alijaribu siku nzima na kesho yake, mvua ikipiga dirisha lile lile zilipoanikwa. Halafu, katikati ya mabati, mtu akapiga chafya.

Nakijwa akasimamisha. Akarudisha nyuma. Chafya, na baada yake sauti ya mwanamke, safi kama yuko mlangoni: "Mimi Nakiete wa bondeni. Jirani yangu huyu ni mgomvi, kuku wake ni wezi, lakini shamba ni lake kuanzia isale hili mpaka barabarani, na atakayemsumbua anisumbue mimi."

Kajiru alikaa kwenye kiti akalia waziwazi, huku anacheka. Sauti zilianza kutoka moja baada ya nyingine, kitongoji baada ya kitongoji, wazee waliokwisha kuoza wakitaja mashamba ya watu walio hai. Bondeni wote wazima. Upande wa shule wazima. Nakijwa alisaini hati ya kila sauti kwa kiapo chake cha urejeshaji, na kila alipokuwa anasaini alikuwa anaiogopa Irundi, kwa sababu alishajua.

Mashine inapojenga upya huanzia mwanzo wa diski. Na mwanzo wa diski ndiko zilikokuwa sauti za kwanza kabisa kurekodiwa. Irundi walikuwa wa kwanza kufunga barabara, kwa hiyo wakapewa heshima ya kuwa wa kwanza kutaja. Waliotangulia kupigana ndio waliotangulia kufutwa.

Akafungua mpaka wa shangazi yake. Aliyeutaja alikuwa jirani, mzee Senkondo, marehemu.

"Mimi Senkondo wa Irundi. Niko hapa kwa miguu yangu na sijanywa. Nasema habari ya mpaka wa dada yangu Namsifu. Unaanzia kwenye isale la kichuguu, unashuka..." Kisha mlio, kama shuka linalochanwa. Mrefu. "...mpaka hapo. Nimemaliza. Nani ana maji?"

Alisikiliza za Irundi zote. Zote zilikuwa na mashimo.

Wakili Mbwambo alifika na matope mpaka magotini. Alikuwa amewatetea watu wa milimani tangu ana nywele. Alishafungwa, na meno yake mawili ya mbele aliyaacha kituo cha polisi. Nakijwa alimheshimu kuliko mtu yeyote aliye hai. Alisikiliza mashimo yote akiwa amesimama.

"Ziba," akasema.

"Wakili."

"Mzibaji unaye, ile programu ya kujaza mashimo. Usinidanganye, kila fundi wa sauti anaye. Unampa maneno yaliyobaki, anakuzalishia yaliyopotea kwa sauti ile ile. Hata mkewe hatajua."

"Hiyo itakuwa sauti ya mashine."

"Ni sauti ya Irundi! Nani asiyejua Namsifu analima pale? Mawe yanajua. Wewe unarudisha kilichokuwepo, basi." Aliketi, akashusha sauti. "Mwanangu, hawa watu wametughushi tangu mnyororo. Wametughushi kwa muhuri, wametughushi kutoka mbinguni. Mara moja tu, moja, kalamu iko mkononi mwetu, wewe unataka kunawa mikono?"

Hasira yote ya Nakijwa, tangu siku ile alipoletewa viatu vya baba yake bila baba, ilikuwa upande wa Mbwambo. Akafungua mzibaji. Akampa Senkondo. Mashine ikafikiri muda mfupi mno hata ikawa aibu, na mzee akasema bila kukwama: "...unashuka na mfereji, unaizunguka chemchemi, unafika kwenye mawe mawili, mpaka hapo. Nimemaliza. Nani ana maji?"

Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kupita zile za kweli.

"Umeona?" Mbwambo akanong'ona, na akachukua nakala.

Namsifu alikuwa barazani kwake anachagua maharage, ungo mapajani. Nakijwa alisema tu, "Shangazi, sikiliza," akabonyeza.

Kwenye "sijanywa" shangazi alicheka mpaka maharage yakamwagika. "Mwongo huyo! Alikuwa tungi, hata isale lenyewe lilijua." Kisha kicheko kikakatika. Akanyoosha mkono. "Rudisha."

Nakijwa akarudisha.

"Huyu si Senkondo."

"Ni sauti yake, shangazi."

"Sauti ni yake. Maneno si yake. Senkondo alininyima chemchemi mbele ya watu wote. Alisema mpaka wangu unaishia kwenye mkuyu, chemchemi ni ya kwao tangu babu yake. Nikamnunia tangu siku ile. Hata alipougua sikwenda kumjulia hali. Nilikwenda kumzika tu, na nikalia kuliko mkewe."

"Kwa hiyo alidanganya?"

"Alisema kweli. Ndiyo maana niliumia."

Ukungu uliingia barazani, ukapita, kama kawaida yake. Nakijwa alielewa mashine ilichofanya. Iliuliza: mwenye shamba kandokando ya mfereji, kwa kawaida mpaka wake hufika wapi? Kwa kawaida hufika majini. Basi ikampa maji. Ilimpokonya Mrutu, mtoto wa Senkondo, chemchemi ya babu yake, kwa sauti ya baba yake mzazi.

"Niambie alivyosema," akamwambia shangazi. "Neno kwa neno. Nitalirekebisha liwe hivyo hivyo."

Namsifu alimtazama kama vile hamjui. "Yaani mimi nikutajie mpaka wangu, wewe ukamtie marehemu mdomoni? Si ni mimi najitajia huko? Kwa mdomo wa maiti?"

"Shangazi, watachukua shamba."

"Najua watachukua. Baba yako yuko chini kwa jambo hilo hilo, leo wewe ndiye wa kunifundisha?" Alianza kuokota maharage moja moja. "Wakichukua, wachukue wao. Mimi nisiwasaidie kumwibia Senkondo. Yeye hayupo kujibu."

Ijumaa ukumbi wa kata ulijaa mpaka watu wakaning'inia madirishani. Mwenyekiti wa baraza, Bwana Chediel, alikuwa mtu wa nyumbani kabisa, mzaliwa wa kata ya pili. Hao ndio wabaya zaidi, kwa sababu wanajua kusalimia. Alisalimia kwa Kipare, ukoo kwa ukoo. Kisha akapokea sauti za bondeni na za upande wa shule, zote zikapita kwa neno la Nakijwa na kiapo chake.

Alipofika Irundi, akasimama mwanasheria wa Wingu Jeupe, kijana mwenye tabasamu la kudumu. Alisema kampuni nayo ilipewa nakala ya diski zile zile, na wataalamu wake wamefanikiwa kurejesha.

Akabonyeza. Senkondo akaingia ukumbini.

"Mimi Senkondo wa Irundi. Niko hapa kwa miguu yangu na sijanywa. Nasema habari ya mpaka wa dada yangu Namsifu. Unaanzia kwenye isale la kichuguu, unashuka hatua chache, unaishia kwenye jiwe jeupe. Kutoka hapo kwenda juu ni pori, halina mwenyewe, mpaka hapo. Nimemaliza. Nani ana maji?"

Mrutu, nyuma kabisa, akapiga yowe, "Baba yangu hakuwa na neno pori!" na ukumbi ukapasuka. Askari wakasogea. Chediel aligonga meza mpaka miwani ikamwanguka.

Chini ya meza, Mbwambo aliusukuma mkono wa Nakijwa. Akamtia kiganjani kidude kidogo cha kuhifadhia data, chenye ile nakala ya mzibaji. "Sema ya kweli ni hii," akanong'ona bila kugeuza midomo. "Wamekuamini vitongoji vyote. Watakuamini na hapa. Sema tu."

"Fundi," Chediel akasema. "Simama. Umeapa. Sauti hii iliyotolewa na kampuni, yaweza kuwa ya kweli?"

Nakijwa alisimama, kidude kikiwa mkononi, na mtego akauona wote kwa mara moja.

Akinyamaza, pori linashinda. Akisema haiwezekani, kwa kuwa mahali pale kwenye diski pamefutika na hakuna binadamu wala mashine iwezayo kupafufua, basi kwa kinywa chake mwenyewe amethibitisha kwamba sauti za Irundi hazipo, na kifungu kile kidogo kinafungua mdomo. Mlango wa tatu ulikuwa kiganjani. Kuuingia ni rahisi: neno la fundi dhidi ya neno la tabasamu. Angeshinda. Na Nakiete wa bondeni, na chafya yake, na wale wazee wote wazima ambao sauti zao zimeshapita barazani, wangekuwa wamesimama juu ya kiapo cha mtu anayesemesha maiti. Kampuni ingechunguza, ingegundua, ingewaangusha wote kwa siku moja. Na hata isingegundua: Mrutu yuko pale nyuma, bado anamlilia baba yake aliyetiwa uongo mdomoni, hajui kwamba na huku mbele kuna uongo wa pili unamsubiri, huu wa kirafiki.

Alimtafuta shangazi yake kwa macho. Namsifu alikuwa anatazama sakafu. Hakutaka kumsaidia kwa hili wala kwa lile.

"Fundi. Tunasubiri."

"Haiwezi kuwa ya kweli," Nakijwa akasema. "Ni ya kughushi. Mahali pale pamefutika. Atakayekuletea sauti nzima ya Irundi, mwenyekiti, awe kampuni, awe mimi, awe nani, anakudanganya."

Tabasamu la mwanasheria lilipotea. Kwa pumzi moja, ukumbi ulishangilia.

"Yaani," Chediel akasema taratibu, anaandika, "unathibitisha kwamba sauti za Irundi hazipo."

Shangwe ikafa.

"Kuna vipande. Watu wenyewe wako hapa, wako hai. Waiteni watajiane upya, saa hii hii..."

"Sheria inajua nzima na isiyokuwepo. Hakuna kipande. Zipo au hazipo?"

"Mnajua nani alizifuta! Mnajua ilikuwa siku ya nani!"

"Zipo, au hazipo?"

Alihisi Mbwambo akifumba macho pembeni yake.

"Hazipo."

Sauti ya kampuni ikatupwa kwa kughushi. Na ardhi yote ya Irundi, kwa sentensi hiyo hiyo, ikarudi kwa Mamlaka, ambayo ilikuwa na mkataba na Wingu Jeupe tayari mezani, umeshapigwa muhuri.

Nje watu walimpisha njia kama mgonjwa wa tauni. Mbwambo alichukua kidude chake kiganjani mwa Nakijwa, akakiponda kwa kisigino juu ya zege. "Baba yako angeisema," akamwambia. "Ile nyingine. Angeisema bila kupepesa."

"Pengine."

"Umetuua na mikono yako safi."

Nakijwa alitaka mtu amwambie amefanya vizuri, na hakuna aliyemwambia. Namsifu alikuja akijifunga kanga kiunoni upya, ya kazi. "Umeshasema," akasema. "Sasa twende tukang'oe mihogo kabla hawajafunga njia."

Irundi nzima ilikuwa mashambani, wanang'oa kila kitu, kilichokomaa na kisichokomaa. Ukungu ulikuwa umekaa kifuani mwa mlima. Huko chini, kwenye kona, lori lilikuwa linabadilisha gia. Juu yake nyavu zimefungwa mafungu mafungu. Nakijwa alishika kiroba, shangazi yake akawa anatumbukiza mihogo yenye udongo. Hakuna aliyezungumza naye. Hata kazi walimpa kwa kuonyesha.

Upande wa pili wa masale, Mrutu alikuwa anachimba ya kwao na mkewe. Akainuka, ameshika panga.

"Mama Namsifu, huu mhogo wako umelala kwetu."

"Shina liko wapi?"

"Shina liko kwako."

"Basi ni wangu."

"Umekula udongo wetu, mama. Tazama ulivyonenepa. Huu umenenepea kwetu."

"Ukali wa baba yako mtupu. Kata basi, tugawane."

Mrutu aliweka panga juu ya mhogo, akasita, akamtazama. Lori lilikuwa limemaliza kona. Namsifu aliacha kazi, akapanda kingo kwa magoti, akapima kwa jicho kutoka isale la juu hadi isale la chini.

"Umejipunja," akasema. "Sogeza huku kwangu. Tena. Hapo. Hapo ndipo kwenu panapoanzia."

Panga likashuka.